Mawaridi Katika Chumba cha Wageni

Kwenye hoteli ninayofanyia kazi hapa West Bay kuna chumba cha baridi nyuma ya jikoni, na maua ya harusi hulazwa humo yakisubiri siku yake. Nimeshaingia humo mara nyingi bila shida, maana maua yaliyokatwa hayana harufu ya kunisumbua. Juzijuzi bibi harusi mmoja alitaka mawaridi ya vyungu, yenye mizizi yake na udongo wake. Nilipofungua mlango kuyahesabu, ile harufu ya udongo mbichi ndani ya baridi ikanijia usoni. Nilisaini karatasi ya kupokea bila kuhesabu, nikatoka nikasimama kwenye korido. Mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni mafua.

Hayakuwa mafua, na umri wangu wa kuendelea kudanganya umekwisha. Nataka kusema nilichofanya nikiwa mtoto hapa hapa Doha, katika nyumba iliyojengwa kama nyumba ya mashamba ya Ufaransa.

Mama yangu ni muuguzi, mtu wa Voi. Baba alipofariki, Mama alipata kazi huku hospitalini, kisha familia moja ya Kiqatari ikamchukua amtunze bibi yao aliyepooza upande mmoja. Walimpenda kwa sababu alikuwa na mikono miepesi na hakuwa na maneno mengi. Walikubali hata nije kuishi naye, jambo ambalo wengi wetu tuliokulia huku tunajua si la kawaida. Nilikuwa na miaka tisa nilipofika, na kumi kiangazi kile ninachotaka kukisimulia.

Mwenye nyumba, ambaye wafanyakazi wote walimwita Baba, aliwahi kwenda Ufaransa na mkewe walipooana. Walilala katika jumba kubwa la mashambani lenye bustani, la watu wa ukoo wa zamani waliokuwa wakipokea wageni wa kulipa ili jumba lisiwaangukie. Alilipenda hata akarudi na picha zake, akaamuru lijengwe vile vile Al Thumama, upande ule ambao ndege zikishuka unaweza kusoma maandishi ya tumboni. Lilikuwa na minara miwili. Lilikuwa na paa la mteremko mkali la kuteremsha theluji, ambalo nililiona likiteremsha vumbi tu. Lilikuwa na dohani nne, na mimi niliamini kila moja ina mwokaji mikate wake, kumbe ndani yake zimefichwa mashine za viyoyozi. Nyuma kulikuwa na bustani iliyokatwakatwa kwa pembe kama mahamri ya mtu mwenye haraka, na chemchemi ya mawe, na viti vyeupe vya chuma. Mwisho wa bustani kulikuwa na vyumba vinne mfululizo, kila kimoja na kibao cha kauri mlangoni chenye maandishi ya Kifaransa. Hivyo vilikuwa vyumba vya wageni.

Wageni hawakuja hata siku moja. Mgeni wa Kiqatari hupokelewa kwenye majlisi ya mbele, hunywa kahawa yake, akachekeshwa, akarudi kulala kwake. Kwa hiyo vyumba vile vilikaa vitupu na mazulia yake na karatasi zake za ukutani zenye ndege wa buluu, na viyoyozi vikivuma usiku na mchana ili joto lisiharibu kitu. Sisi tulipewa viwili vya kwanza.

Sasa nifikirie nikiwa mtoto wa Voi. Kwetu mgeni hujulikana kwa alama zake: hulala chumba kizuri, haoshi vyombo, na chakula humfuata alipo, kwenye sinia lililofunikwa. Na sisi chakula kilitufuata. Mpishi wa jumba alituletea sinia mlangoni mchana na jioni, kwa kuwa wafanyakazi hawakuruhusiwa kula kwenye meza ya ndani, lakini hilo mimi sikulijua. Nilimwona Mama amekaa kitandani na Bibi, wamevaa nyeupe wote wawili, wanakunywa kahawa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Nikajijibu mwenyewe. Sisi ni wageni wa Bibi, na Mama ndiye rafiki yake. Sikuwahi kumuuliza mtu, kwa sababu kwangu halikuwa swali.

Basi kichwa kikavimba. Nikaacha kuosha sahani yangu. Nikawa naacha sinia chini mlangoni, kitambaa kimetupwa juu yake kama nilivyoona watu wakifanya kwenye televisheni. Nikawa natembea bustanini mikono nyuma. Aibu ninayoandika nayo leo ina sehemu nyingi, na hiyo ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.

Mtunza bustani alikuwa Mganda, mtu wa Tororo, jina lake Opio. Mama aliniambia nimwite Anko. Kiswahili chake alikiokota mpakani Busia alipokuwa akiuza vitunguu, akakileta huku kikiwa hivyo hivyo, bila kukipiga pasi. Alikuwa mrefu, mwenye shingo nyembamba, na alifunga kitambaa chekundu kichwani chini ya kofia. Nilipomwita aniletee maji ya bomba la baridi, aliacha kazi akaleta, akainama kidogo na kuniuliza, "Mgeni wangu anataka nini ingine leo?" Alikuwa akinitania. Mimi nikasikia ushahidi.

Kazi ya Opio ilikuwa na donda moja, nalo ni mawaridi. Baba alitaka mawaridi yale yale aliyoyaona Ufaransa, na kila mwaka yalifika Novemba yakiwa mazuri, yakachanua majira ya baridi yote, kisha kiangazi kikayaua. Watunza bustani wawili waliomtangulia walirudishwa kwao, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hiyo. Opio alikuwa anamaliza mkataba wake mwezi wa kumi mwaka ule. Baba hakumficha: mawaridi yakiwa hai, mkataba mwingine upo, yakifa, atafute mtu mwingine wa kumfanyia kazi. Opio alitusimulia haya mimi na Mama siku moja akipogoa ua, akicheka kicheko kifupi cha mtu asiyefurahi.

Juni familia ikaondoka kwenda Ufaransa kama kawaida yao. Bibi hakuweza kupanda ndege, hivyo Mama alibaki naye, nami nikabaki na Mama. Madam, mke wa Baba, alimkabidhi Mama funguo za vyumba vya wageni, akamwagiza vifunguliwe madirisha kila Alhamisi dakika kumi, na mtu asikanyage zulia na viatu. Mama alikuwa na Bibi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo ile kazi ya Alhamisi akanipa mimi. Funguo zilikaa kwenye droo yake, pamoja na mashine ya kupimia presha.

Wiki ya pili ya Juni nilimkuta Opio amechutama kwenye kivuli, ameng'oa mawaridi yote ishirini na manne kutoka ardhini na kuyatia kwenye vyungu vya plastiki. Majani yalikuwa yameanza kukunjamana pembeni. Aliniuliza kile chumba cha mwisho kina nani.

"Hakina mtu," nikasema.

"Na baridi iko?"

"Ipo usiku na mchana."

Alitazama vyungu vyake, akatazama ule mlango. "Mtu hakuna, baridi iko," akasema polepole. "Na hizi hapa nje zinakufa."

Hakuniomba kitu. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu walisema mengine. Mimi ndiye niliyejisikia kuwa mwenyeji. Nilikwenda chumbani, nikafungua droo, nikauchomoa ufunguo wa chumba cha nne, nikamletea. Akautazama bila kuushika. Akaniuliza kama Mama amekubali.

"Amekubali," nikasema. "Amesema uyaweke tu."

Uongo ule ulitoka laini bila hata kumeza mate. Sikuona ni uongo sana. Mgeni akiwa na chumba cha ziada na jirani yake ana shida, hufungua. Ndivyo nilivyojiambia, na niliona raha kubwa kuwa mtu wa kufungua.

Kiangazi kile ndicho nilichofurahi kuliko vyote nilivyoishi. Kuna watu nimewaambia sikumbuki mengi ya utoto wangu wa Doha, lakini nakumbuka kila kitu. Opio alitandika karatasi za nailoni juu ya zulia, akapanga vyungu mbele ya dirisha kubwa. Alfajiri, kabla jua halijawa na meno, aliyabeba kwa toroli yakaote nuru saa moja na nusu, kisha akayarudisha ndani. Wiki ya kwanza nilikuwa nikimtazama tu. Wiki ya pili nilikuwa nikimshikia mlango. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshika chungu kifuani, miguu pekupeku, udongo ukinichafua gauni, nikiwa nimesahau kabisa kwamba wageni hawabebi.

Alinifundisha kuchomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, kujua kama mmea una kiu au una deko. Alinifundisha kutomwaga maji juu ya majani. Kila waridi alilipa jina la mtu wa kwao. Athieno lilikuwa la mke wake, lilikuwa na miiba mingi kuliko mengine, na alisema hilo ni sawasawa. Odongo lilikuwa la pacha wake, lilichelewa kila kitu. Siku Odongo lilipotoa jani jipya, jekundu bado, Opio alikaa chini kwenye zulia la Madam akalia machozi kidogo, akajifuta na kile kitambaa, akaniambia pacha wake alifariki wakiwa vijana na hajawahi kumwambia mtu yeyote wa Doha. Nilimwambia pole. Nilikuwa mtoto mwema asubuhi ile, na sijui kwa nini wema wangu haukudumu.

Familia ikarudi mwanzo wa Septemba. Joto lilikuwa bado kali, kwa hiyo mawaridi yalibaki ndani. Mawili yalikuwa yamekufa, ishirini na mawili yalikuwa hai, na moja lilikuwa na tumba. Opio alipanga kuyatoa mwezi wa kumi ukianza, hewa ikibadilika, Baba aamke siku moja akute bustani yake imejaa. Alihesabu siku kwa vidole akiniambia. Niliapa sitasema.

Ijumaa moja baada ya ibada, rafiki yangu Neema alikuja kunitembelea na binamu zake wawili. Neema alikuwa mtoto wa Mkenya mmoja fundi wa kompyuta, anaishi kwenye fleti, na mimi darasani nilikuwa nimemwambia kwamba tunakaa kwenye jumba la Kifaransa kwa mwaliko wa wenyewe. Nilikuwa nimetia chumvi hadi mchuzi ukashindikana. Madam alikuwa ametoka. Nikawatembeza bustani nzima, nikawakalisha kwenye viti vyeupe vya chuma, ambavyo hatukuruhusiwa kuvikalia. Opio alikuwa akimwagilia ua mbali kidogo. Nikamwita kwa jina lake, bila Anko, nikamwambia alete maji na atukatie maua.

Aliweka bomba chini. Alikuja, akachutama mbele yangu ili asiseme kwa sauti kubwa. Alijaribu kunisitiri, naliona hilo sasa.

"Binti yangu, maji nitaleta," akasema. "Lakini toka kwa hii kiti, Madam akikuja ataona vibaya. Sisi hapa si wageni. Mimi na mama yako tumeandikwa kazi, kila mtu na yake."

Binamu mmoja akacheka. Neema akageuza shingo akanitazama kutoka viatuni hadi usoni. "Kumbe mamako ni mboch," akasema. Hilo ni neno la mtaani la mfanyakazi wa ndani, na namna alivyolisema halikuwa na heshima hata kidogo.

Nilitamani ardhi inimeze. Masikio yaliwaka moto. Na kitu kibaya zaidi ni kwamba nilijua, pale pale, kwamba Opio amesema kweli. Mambo yote yalijipanga upya mbele yangu: sinia, nguo nyeupe, Mama kusimama Madam akiingia. Nilikuwa nimekaa humo karibu mwaka mzima bila kuona kitu kilichokuwa wazi kwa kila mtu. Sikuweza kumchukia Mama kwa hilo, wala Madam. Nikamchukia aliyenifumbua macho.

Jumapili, ambayo huku ni siku ya masomo, niliporudi kutoka shule nilimngoja Madam kwenye ukumbi wa chini, pale panaponukia udi. Alikuwa mwanamke mzuri kwangu, aliniletea kila mara chokoleti za Ufaransa. Nilimwambia kwa Kiingereza cha shuleni kwamba mtunza bustani anaingiza udongo kwenye chumba cha wageni. Hakuelewa. Alidhani nasema viatu. Nikamshika mkono. Mimi mwenyewe, bila kutumwa, nilimshika mkono nikamwongoza bustanini mpaka mlango wa nne, naye akafungua kwa ufunguo wake wa akiba.

Ile harufu ikatoka. Lile tumba lilikuwa limechanua siku hiyo hiyo, waridi la rangi ya maziwa lenye wekundu kwa ndani, na Madam alipoliona aliweka mkono kifuani. Kwa kitambo kidogo nilifikiri atafurahi na mpango wangu umeharibika. Kisha akatazama chini. Maji yalikuwa yamepita chini ya nailoni, na zulia lilikuwa na mabaka meusi kama ngozi yenye mba. Karatasi ya ukutani ilikuwa imevimba na kubanduka, ndege wa buluu wamening'inia vichwa chini. "Haram," akasema kwa sauti ndogo. Akampigia Baba simu.

Nilichotazamia mimi kilikuwa kidogo. Kwetu mgeni akilalamika, mwenyeji humkemea mtoto aliyekosa adabu, mtoto huomba radhi, maisha yanaendelea. Nilidhani Opio atakemewa, na ataniita tena mgeni wangu. Nilisimama karibu na mlango nikingojea kuombwa radhi.

Baba hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa sauti ya chini siku zote. Aliuliza tu mtu huyu alipata wapi ufunguo, kwa maana funguo alikabidhiwa Sista, jina walilomwita Mama. Mama akaitwa. Akaja na sinia la dawa za Bibi mikononi, hakupata hata nafasi ya kuliweka chini. Opio alisimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, kitambaa chekundu kimelowa jasho. Akamtazama Mama, akaona uso wake, na nafikiri hapo ndipo alipogundua kwamba Mama hakuwahi kujua lolote. Kisha akanitazama mimi.

Nilikuwa nimevaa ndala za plastiki zenye kipepeo. Naweza kuvichora vipepeo vile hata leo, kwa muda nilioviangalia.

"Mimi nilichukua," Opio akasema. "Sista alikuwa kwa Bibi. Niliingia kwake, nikachukua."

Mwanamume kuingia chumba cha mwanamke na kuchukua ufunguo, katika mji huu, ndani ya nyumba ya watu wazito. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa alijitwika nini kwa maneno yale machache, na kwamba kurudishwa kwao bila polisi ilikuwa huruma. Baba alisema khalas, yaani imekwisha. Tiketi ilikatwa ya siku ya tatu. Hata lile waridi lililochanua halikumsaidia. Baba alilitazama, akatikisa kichwa, akasema mwizi ni mwizi.

Mawaridi yalitolewa mchana ule ule yakapangwa kando ya ukuta, juani. Mama alirudi kwa Bibi. Jioni nilimwona akifungua droo, akizitazama funguo, akiifunga. Akaketi mbele ya sinia letu. Nilijua anajua, na nilingoja kofi. Aliniambia, "Kula."

Alimtunza Bibi miaka minne zaidi. Miaka ile minne ndiyo iliyonisomesha, ndiyo iliyonipa Kiingereza na Kiarabu ninachopokelea harusi za watu. Siwezi kujifanya hamnazo kuhusu hilo.

Mama sasa amestaafu, yuko Voi, magoti yanamsumbua. Jioni ile ya mawaridi ya hotelini nilimpigia simu. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza, kwamba ni mimi niliyetoa ufunguo na kumdanganya Opio kwamba yeye amekubali.

"Nilijua siku ile ile," akasema.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ningesema nini? Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Ningefungua mdomo, tungepanda ndege moja na yeye." Nikamsikia akivuta pumzi. "Yule baba wa watu alinitazama, mwanangu. Alinitazama kabisa. Mimi nikaangalia vidonge."

Akaanza kulia. Aliniambia kuna miaka alishindwa kupokea ushirika kwa ajili ya siku ile. Aliniambia mtoto hujifunza kwa mamaye, na kwamba mimi nilinyamaza kwa sababu nilimwona yeye amenyamaza, kwa hiyo kosa si langu. Aliniomba msamaha. Na mimi, ambaye nilimshika Madam mkono na kumwongoza, nilimsikiliza mama yangu mzee akiniomba msamaha, nikamwambia yamekwisha, asijisumbue. Hiyo nimeifanya nikiwa mtu mzima, mwaka huu, na sina Neema wa kumsingizia.

Na kuna asubuhi ya Opio kuondoka, ambayo Mama haijui kwa sababu alikuwa juu kwa Bibi.

Nilikuwa peke yangu chumbani, nimevaa sare za shule. Akabisha hodi. Nilifungua mlango kidogo. Alikuwa amevaa koti zito la safari ambalo halikumkaa, begi moja begani, na dereva alikuwa akimngoja langoni. Nyuma yake niliona vyungu ukutani. Siku mbili nzima nilikuwa nimepita kando yake bila kuvipa hata tone, kwa kuogopa visionekane ni vyangu.

Alichutama ili tulingane.

"Mama yako hakujua habari ya ufunguo," akasema. "Usimwambie. Atasumbuka bure." Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema amewaza sana nani alimpelekea Madam habari, na anafikiri ni dereva, lakini hata huyo dereva hamkasirikii, kila mtu hapa anaogopea mkate wake. Kisha akaninyooshea mkono. Ulikuwa mkavu, wenye udongo kwenye mipasuko.

"Miaka mbili nimekaa hapa," akasema. "Watu wakubwa wote hao, hakuna mmoja aliniambia karibu ndani. Ni wewe tu. Asante, mgeni wangu."

Alibaki pale amechutama, akinitazama, kama anayempa mtoto muda wa kutafuta maneno yake. Nilikuwa nayo. Yalikuwa matatu au manne tu, na yalikuwa yamefika mdomoni. Joto la nje lilikuwa likiingia kwa ule upenyo, likinipanda miguuni.

"Funga mlango," nikamwambia. "Baridi inatoka."

Akasimama. Akaufunga mwenyewe, polepole, kwa mikono miwili, usije ukagonga.